Mwili wa Setilaiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Mombasa

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, walimu, mafundi na wazazi wa hapa Mombasa wanaopenda mambo ya anga. Wengi huanza kwa kuuliza setilaiti inaona nini na inapiga picha gani. Ukurasa huu unahusu kitu kisichotangazwa sana, nacho ni kiunzi chenyewe: mbavu, paneli, bawaba, bolti na kamba zinazofanya chombo kifike juu kikiwa kizima. Soma unapotaka, hakuna mpangilio wa lazima.

Huko juu vitu vinaelea bila uzito. Kwa nini basi setilaiti ijengwe imara?

Kwa sababu kabla ya kuelea lazima ipande roketi, na safari hiyo ya dakika chache ndiyo inayoamua karibu kila kitu kuhusu umbo lake. Roketi ikiongeza kasi, kilo moja ya chombo hulemea kana kwamba ni kilo tano au sita. Juu ya hilo kuna mtetemo wa injini, na kuna kelele. Watu husahau kelele. Ndani ya kofia ya roketi, yaani ganda la mbele linaloifunika setilaiti, mlio unaweza kukaribia desibeli 140, na sauti ya kiwango hicho hutikisa paneli pana na nyembamba hadi ikachanika. Kisha kuna mishtuko ya ghafla pale vipande vya roketi vinapoachana.

Linaloogopwa zaidi ni mitetemo kulingana. Kila kiunzi kina kasi yake ya asili ya kutetema. Roketi ikitikisa kwa kasi hiyohiyo, kila mtikisiko hujiongeza juu ya ule uliotangulia, na kitu kilichohimili mzigo mkubwa uliotulia huvunjika kwa mzigo mdogo unaorudiarudia. Ndiyo sababu wenye roketi humpa mwenye setilaiti sharti: kasi ya asili ya kiunzi chako isiwe chini ya kiwango fulani. Kabla ya kurushwa, setilaiti hufungwa kwa bolti juu ya meza ya kutikisia. Wahandisi hupima kasi ya asili kabla ya zoezi na baada yake. Ikiwa imebadilika, kuna kitu ndani kimelegea au kimepata ufa, hata kama macho hayaoni chochote.

Ikishafika juu, ugumu wote ule hauna kazi kubwa tena. Ni uzito tu uliolipiwa nauli. Ukiyaangalia mavumbuzi ya fani hii kwa mtazamo huo utaona mengi yanajibu tatizo moja: namna ya kushika kwa nguvu sana kwa dakika chache, kisha kuachia bila kukosea.

Kwa nini setilaiti za zamani zilikuwa tufe au pipa, na za leo ni masanduku?

Sputnik 1, iliyorushwa 4 Oktoba 1957, ilikuwa tufe la aloi ya alumini lenye kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6, limejazwa nitrojeni ndani. Miezi minne baadaye, 31 Januari 1958, Marekani ikarusha Explorer 1, chombo kirefu chembamba. Wahandisi waliizungusha kwenye mhimili wake mrefu ili itulie. Haikutulia. Ilikuwa na antena nne za waya laini, na waya zile zilipokuwa zikipinda na kunyooka zilikula nishati ya mzunguko. Punde chombo kikaanza kuzunguka kwa ubavu. Hesabu zilikuwa zimedhani mwili mgumu usiopinda, na mwili halisi hupinda.

Tangu hapo setilaiti zilizotulizwa kwa kuzungushwa zikafanywa fupi na nene. Syncom 2 ya Julai 1963 ilikuwa pipa la namna hiyo. Ndiyo iliyobeba mazungumzo ya simu kati ya Rais Kennedy na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, Agosti mwaka uleule. Lakini pipa linalozunguka lina hasara, maana wakati wowote sehemu kubwa ya seli zake za sola imelipa jua kisogo. Siku hizi magurudumu madogo yanayozunguka ndani ya chombo hukituliza bila chombo chenyewe kuzunguka, kwa hiyo sanduku lenye mabawa ya paneli linawezekana.

Inatengenezwa kwa nini hasa?

Nyingi bado ni alumini. Aloi za 6061 na 7075 ni nyepesi, zinachongeka vizuri kwenye mashine na bei yake haitishi. Kwenye setilaiti kubwa utakuta paneli za sandwichi: ngozi mbili nyembamba za alumini au nyuzi za kaboni, katikati yake sega la alumini lenye vyumba vya pembe sita. Gandisha ngozi mbili mbali kidogo kwa gundi na sega, na ugumu wa kupinda huongezeka sana huku uzito ukiongezeka kidogo mno.

Nyuzi za kaboni zina sifa nyingine inayopendwa kuliko wepesi: hazipanuki sana kwa joto. Chombo kilicho karibu na dunia huizunguka kwa takriban dakika 90, kikitoka juani na kuingia kivulini kila mara. Kiunzi cha darubini kikirefuka hata kwa sehemu ndogo ya milimita, picha huharibika. Kwa kazi hiyohiyo hutumiwa pia aloi ya chuma na nikeli iitwayo Invar, ambayo ilimpatia Charles Édouard Guillaume Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, zamani kabla ya setilaiti yoyote. Titani huwekwa pale penye mzigo mzito katika sehemu ndogo: mabano, viungo, matangi ya mafuta.

Madini ya titani ya Kwale yameishia kwenye setilaiti?

Swali hili huulizwa sana, hasa na watu wa Likoni walioziona meli zikipakia. Mgodi wa Base Titanium ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na ukafunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Kilichokuwa kikitoka ni mchanga mzito: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Duniani kote sehemu kubwa ya madini ya titani huishia kuwa unga mweupe wa rangi za nyumba, plastiki na karatasi; ni sehemu ndogo tu inayogeuzwa chuma. Na mchanga ukishachanganywa na mwingine kwenye viwanda vya ng'ambo, hakuna anayeweza kufuatilia chembe moja hadi kwenye bolti. Uwezekano upo, uthibitisho haupo.

Mbao je? Niliona habari ya setilaiti ya mbao nikadhani ni mzaha.

Si mzaha. LignoSat ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Kyoto pamoja na kampuni ya Sumitomo Forestry ya Japani. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wa mbao za magnolia, ukiwa umeunganishwa kwa maungio ya kiseremala ya Kijapani bila skrubu wala gundi. Ilipelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga Novemba 2024 na kuachiliwa Desemba. Kwa Mswahili wa Pwani wazo hili si geni: mtepe ulivuka bahari bila msumari hata mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi, nao ulipinda na wimbi badala ya kushindana nalo.

Hoja ya Wajapani ni ya kisayansi. Setilaiti ya alumini ikirudi na kuungua angani huacha chembe za oksidi ya alumini katika tabaka za juu za hewa, na setilaiti zinazidi kuongezeka. Mbao huungua zikaisha. Tena katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa, hakuna unyevu wa kuziozesha wala oksijeni ya kuziwasha moto. Mimi sidhani kama mbao zitabeba setilaiti kubwa hivi karibuni, ila swali walilouliza ni zuri.

Kitu kikubwa kinaingiaje ndani ya roketi nyembamba?

Hapa ndipo ubunifu ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1962 Kanada ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Alouette 1. Ilihitaji antena ndefu sana, na jozi ndefu zaidi ilikuwa na urefu wa takriban mita 45 kutoka ncha hadi ncha. Suluhisho lilitokana na wazo la mhandisi George Klein: ukanda wa chuma chembamba uliofundishwa kwa joto kujikunja kuwa bomba. Ukiubana ukalala bapa, unaviringika kwenye gurudumu. Ukiuachia, unajikunja wenyewe na kuwa mlingoti. Mavumbuzi mengi yaliyofuata ni wajukuu wa wazo hilo. Paneli za sola zinazoitwa ROSA, zilizojaribiwa Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017 na kuanza kufungwa huko 2021, hufunguka kwa nguvu iliyohifadhiwa ndani ya mihimili ya nyuzi za kaboni iliyoviringwa. Hazihitaji mota ya kuzisukuma. Na kama unafikiri teknolojia hii iko mbali nawe, fahamu kwamba setilaiti ndogo za wanafunzi mara nyingi hutumia antena zilizokatwa kwenye futi ya chuma, ileile ya fundi seremala.

Njia nyingine ni kukunja. Koryo Miura wa Japani alibuni mkunjo wa pembe za mshazari ambao karatasi nzima hufunguka kwa kuvuta kona mbili tu. Ulitumika kwenye paneli ya sola ya chombo cha Space Flyer Unit mwaka 1995. Uzuri wake ni kwamba mikunjo yote hutembea pamoja, hivyo hakuna sehemu inayoweza kufunguka peke yake ikazitega nyingine.

Kisha kuna darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, kofia ya roketi ya Ariane 5 ina kipenyo cha mita 5.4. Kioo kikagawanywa vipande 18 vya berili, pembeni vikakunjwa. Pazia lake la jua lina tabaka tano na ukubwa wa takriban mita 21 kwa 14, nalo lilishikiliwa na pini 107 ambazo kila moja ilipaswa kuachia. Zote ziliachia.

Si mara zote. Chombo cha Galileo, kilichorushwa 1989 kwenda Jupiter, kilikuwa na antena iliyokunjwa mithili ya mwavuli. Aprili 1991 ilipoamriwa kufunguka, mbavu kadhaa ziliganda mahali pake. Uchunguzi ulielekeza kwenye kilainishi kilichokwanguka wakati antena ikisafirishwa kwa lori kwenda na kurudi kati ya California na Florida. Misheni iliokolewa kwa kutumia antena ndogo na ujanja wa kubana data. Kwa maoni yangu kisa hiki kinapaswa kufundishwa katika kila darasa la uhandisi wa mitambo, maana chombo cha kwenda Jupiter kiliharibikia barabarani.

Kinachoshika na kuachia ni kitu gani?

Kwa setilaiti kubwa, mara nyingi ni mkanda wa chuma unaozunguka pete mbili zilizokutanishwa, ya roketi na ya chombo. Mkanda hukazwa kwa bolti. Bolti ikikatwa, mkanda unaruka, springi zinasukuma, chombo kinaondoka taratibu. Unaitwa mkanda wa Marman, kwa jina la kampuni ya Zeppo Marx, yule mmoja wa ndugu wachekeshaji wa filamu za Marekani, aliyeacha kuigiza akaingia uhandisi.

Kwa setilaiti ndogo mambo ni rahisi zaidi. Antena hukunjwa na kufungwa kwa mshipi wa nailoni, kama wa kuvulia samaki. Waya mdogo hupashwa moto kwa umeme wa betri, mshipi unayeyuka, antena inafyatuka.

Ile pete iliyoanguka Makueni ilikuwa nini?

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Vipande vya namna hiyo kwa kawaida hutarajiwa kuungua hewani au kuangukia baharini. Ndiyo maana sasa wapo wahandisi wanaofanya kazi ya kubuni viungo vinavyoyeyuka mapema ili kiunzi kisambaratike kikiwa bado juu sana. Ukikutana na kitu kama hicho usikiguse, kinaweza kuwa na masalia ya mafuta yenye sumu. Piga ripoti polisi.

Ni kweli setilaiti zilirushwa hapa Pwani?

Kweli kabisa. Nje ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna majukwaa ya baharini ya San Marco na Santa Rita yaliyojengwa na Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio. Kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zilipandisha setilaiti tisa kutoka pale. Maarufu zaidi ilirushwa 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru: ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa nini hapa? Karibu na ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa takriban mita 465 kwa sekunde, na roketi huondoka na kasi hiyo bure. Mashariki pia kuna bahari tupu.

Ila kwa mada yetu, inayonivutia zaidi si Uhuru. Ni San Marco 2, iliyorushwa 26 Aprili 1967, ya kwanza kutoka jukwaa lile. Broglio alitaka kupima hewa nyembamba iliyobaki kule juu. Kifaa cha kawaida kingewekwa ndani ya setilaiti. Yeye akaifanya setilaiti yote iwe kifaa: ganda jepesi la nje, mwili mzito wa ndani, na katikati yake mikono inayonyumbuka. Hewa ikilisukuma ganda, ganda husogea kidogo sana kulinganisha na mwili wa ndani, na msogeo huo hupimwa. Kiunzi ambacho wengine walitaka kisinyumbuke, yeye alikipa kazi ya kunyumbuka. Huu ni uvumbuzi wa kimuundo uliofanya kazi juu ya bahari yetu.

Zile karatasi za dhahabu zinazofunika chombo ni dhahabu kweli?

Mara nyingi hapana. Ni plastiki ngumu ya Kapton, yenye rangi ya kaharabu, iliyopakwa alumini upande wa nyuma. Tabaka nyingi hupangwa bila kubanana ili joto lisivuke. Ndani, joto huhamishwa na mabomba yaliyofungwa yenye kimiminika kinachochemka upande wa moto na kugeuka kimiminika tena upande wa baridi. Mabomba hayo yalitengenezwa na George Grover katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, na hayana pampu.

Na vumbi linalopita kwa kasi?

Fred Whipple alipendekeza miaka ya 1940 kwamba badala ya ukuta mmoja mnene, uweke bati jembamba mbele na nafasi nyuma yake. Chembe ikigonga bati kwa kilomita kadhaa kwa sekunde husambaratika, na ukuta wa ndani hupigwa na wingu badala ya risasi. Bado hutumika.

Setilaiti za Kenya zina mwili wa aina gani?

Zinafuata kipimo cha CubeSat kilichobuniwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs: mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018, ilikuwa mchemraba mmoja. Taifa-1, iliyorushwa 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 na kutengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, ni mitatu iliyopangana.

Uvumbuzi mkubwa wa CubeSat, naona, si mchemraba bali ni kasha la kurushia. Mwenye roketi analijua kasha, hajali kilicho ndani. Reli nne za pembeni mwa setilaiti huteleza ndani ya kasha, nazo lazima zipakwe tabaka gumu la oksidi, kwa kuwa metali mbili safi zikisuguana kwenye ombwe zinaweza kugandana.

Mombasa kuna chumvi na unyevu. Mtu anaweza kujenga kiunzi hapa?

Anaweza, akiwa na chumba chenye hewa iliyokaushwa. Tatizo si kutu pekee. Kiunzi cha nyuzi za kaboni hunyonya unyevu, kisha huutoa kwenye ombwe na kubadilika umbo kidogo. Gundi na rangi nazo hutoa mvuke unaoganda kwenye lenzi; kanuni ya kawaida ni kwamba malighafi isipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake ikijaribiwa kwenye ombwe na joto. Kuchonga alumini si shida, mji huu una mafundi wa meli wenye mashine nzuri.

Nikibuni bawaba mpya, nailindaje?

Omba hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wako, kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la mali miliki la Afrika lililoko Harare, ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Usipandishe video yake mtandaoni kwanza, ukishaianika hadharani inaweza kuhesabiwa kuwa si mpya tena. Na uwe na subira: hataza ya Donald Williams wa kampuni ya Hughes, kuhusu kuelekeza setilaiti inayozunguka kama Syncom, ilitolewa 1973, miaka saba baada ya kifo chake, na kesi ya Hughes dhidi ya serikali ya Marekani ikafika miaka ya 1990.

Nianzie wapi kusoma mavumbuzi haya bila malipo?

Hataza za nchi nyingi duniani zimepangwa kwa alama za mada, na za vyombo vya angani ziko chini ya B64G. Ingia kwenye hifadhi yoyote ya hataza iliyo wazi, tafuta B64G 1/64 kwa viungo vya kushika na kuachia, au 1/56 kwa ngao za vumbi. Ruka kurasa za madai ya kisheria, fungua michoro kwanza. Chagua mchoro mmoja wa bawaba au kufuli, uutengeneze kwa kadibodi na futi ya chuma ya zamani, ufunge kwa mshipi, kisha ukate mshipi uone kama inafunguka mara kumi mfululizo.